Wageni wa Ufadhili na Hema la Posa

Naomba msicheke kabla sijamaliza, kwa sababu hata leo nikianza kusimulia hii stori nataka kusimama nizunguke chumba. Nimeaibika mara nyingi maishani (niliwahi kuteleza siku ya mahafali yangu mbele ya wazazi wa watu, kofia ikaenda upande wake na mimi upande wangu), lakini aibu ya ile Jumamosi kule kwetu Bahati ni ya daraja lingine kabisa, maana niliipika mwenyewe, kwa kunyamaza tu mahali ambapo mtu yeyote mwenye akili timamu angefungua mdomo.

Mambo yalikuwa hivi. Nilikuwa nimeomba ufadhili wa kusomea shahada ya uzamili, ule wa vijana wanaotaka kufanya kazi ya umma, yaani unalipiwa masomo yote halafu wewe unakubali kurudi kuwahudumia wananchi kwa miaka kadhaa, popote utakapotumwa, hata kama ni mahali ambapo mtandao unapatikana ukipanda juu ya mwamba. Na mimi kazi hiyo naitaka kweli, siyo ile ya kusema kwa sababu watu wa intavyu wanakuangalia. Tangu nimalize digrii nimekuwa nikiuza dawa za ng'ombe na chakula cha kuku kwenye agroveti pale sokoni, lakini jioni na wikendi mimi ni katibu wa kamati ya maji, kazi yangu ikiwa ni kuzozana na ofisi kuhusu bomba lililopasuka na kuambiwa nije kesho, na kesho yake naambiwa nije kesho. Nilitaka siku moja nikae upande ule mwingine wa meza nione kama ni lazima watu wazungushwe ndiyo ofisi iitwe ofisi. Sasa ufadhili wenyewe una kikomo cha umri, na kwangu huo ulikuwa mwaka wa mwisho. Nikikosa, basi.

Nilipita mchujo wa kwanza, nikaitwa intavyu katika hoteli moja kule Milimani, nikaenda na viatu vya kuazima vilivyonibana mpaka nikawa najibu maswali huku vidole vya miguu vinalia, na bado nikapita. Halafu ikaja ile simu. Dada mmoja mwenye sauti laini akaniambia kwamba hatua ya mwisho ni ya kutembelewa nyumbani, watakuja Jumamosi watu watatu, na wangependa kumkuta mzazi, mzee mmoja wa ukoo na jirani mmoja, ili waulize kidogo kunihusu. Nikasema sawa, karibuni sana. Nikakata simu na tangu dakika hiyo sikutulia tena: nikikaa nasimama, nikisimama nataka kukaa, mteja anaomba dawa ya kupe nampa ya minyoo.

Sasa hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Niliamua kutomwambia mama ni wageni gani. Msinihukumu, mngemjua mama mngeelewa. Mama yangu ni mjane mwenye furaha nyingi isiyo na breki, na mara zote nilizowahi kuomba kazi au masomo alikuwa ananitangulia kutangaza, mpaka nikikataliwa nalazimika kumweleza kila mtu kuanzia fundi wa viatu, na wengine wananiuliza kwa huruma ile inayouma kuliko dharau, "Wewe si ulikuwa unaenda Nairobi?" Nikasema safari hii atajua siku ile ile, wageni wakishafika, hapo hatapata nafasi ya kumpigia mtu yeyote.

Kwa hivyo jioni nikamwambia, nikijifanya naangalia kuku, "Mama, Jumamosi tuna wageni. Ni watu wazima, watakuwa watatu. Wanataka kuongea na wewe, na ingekuwa vizuri Ankol Njoroge awepo, na Baba Karanja wa hapo jirani."

Mama akaacha kukata sukuma wiki. "Ankol awepo?"

"Eeh, wanataka mzee wa familia."

"Na ni watu wazuri?"

"Ni watu wazuri sana, mama. Wewe niombee tu."

Aliniangalia kwa muda, macho yakalowa, akasema, "Nimekuwa nikiomba, Wairimu. Nimekuwa nikiomba." Mimi nikaona ni sala za kawaida za mama, nikaenda kulala.

(Nyinyi mmeshaelewa, naona mnavyoangaliana. Mimi msomi wa digrii nzima sikuelewa kitu. Msichana aliyekaribia miaka thelathini, hana mume, anamwambia mama yake kwamba kuna watu wazima watatu wanataka kuja nyumbani kuongea na wazee. Kwa sisi hiyo haihitaji maelezo.)

Siku zilizofuata niliona dalili nyingi, na kila dalili niliitafutia sababu yake. Mapazia yakafuliwa, nikasema ni usafi. Kochi la mke wa pasta likaletwa kwa mkokoteni, nikasema mama anataka wageni wakae vizuri, nikapata hata wasiwasi kwamba wataona kochi waseme hatuhitaji msaada, lakini nikanyamaza. Ijumaa nikarudi kazini nikamkuta Anti Wangare, dada ya mama, amekuja na sufuria kubwa za kikundi cha akina mama, na binamu yangu Shiku amefika kutoka mtaa wa Rhonda na mfuko umejaa leso za kujifunga. "Cuzo, niaje! Kumbe wewe ni msiri hivi?" akaniambia huku akinipiga bega. Nikadhani anaongelea ufadhili. Nikamnong'oneza, "Usiseme kwa nguvu, bado hawajaamua." Akacheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi asubuhi nikaamshwa na nyundo. Nikatoka nje nikakuta hema. Hema, jamani, la kanisa, lenye viti vyake vya plastiki na spika yake moja nyeusi, na Ankol Njoroge, kaka ya marehemu baba, amevaa koti lake la heshima na kofia anasimamia mahali pa kuweka meza kuu. Nyuma ya nyumba mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Hapo ndipo akili yangu ilipofunguka, na ilifunguka yote kwa mpigo, nikahisi miguu inataka kukimbia bila mimi. Nikamkimbilia mama, alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba, amependeza kuliko nilivyomwona tangu baba afariki. Nikamwambia, "Mama, hawa wageni si wa hivyo!"

Akanishika mashavu. "Hata kama hukuniambia jina lake, mimi ni mama yako. Nenda ukaoge."

"Mama, nisikilize..."

Na hapo, kwa sababu Mungu ana mzaha wake, gari likapiga honi barabarani. Walikuwa wamesema watakuja saa sita. Katika nchi hii, ambapo hata mazishi huchelewa, watu wa ufadhili walikuja mapema.

Anti Wangare hakuniuliza kitu, alinikamata mkono akanisukuma chumbani na Shiku na binti mwingine wa kanisa, akachukua simu yangu ("Bibi harusi hashiki simu"), akaketi mlangoni kwenye kigoda na mwili wake wote. Kama hujui desturi, wakwe wakija wasichana hufunikwa leso kuanzia kichwani mpaka miguuni, halafu bwana harusi anaambiwa amchague wake, akikosea anapigwa faini ya mbuzi. Shiku akanipaka poda haraka haraka, nikafunikwa. Nikapiga kelele ndani ya leso, "Anti, hao si wakwe! Hao ni watu wa skolashipu!"

Anti akajibu kwa upole, "Hata mimi siku yangu niliongea ovyo. Ni woga tu."

Nje akina mama walikuwa wamefunga geti kwa nyimbo, maana wakwe hawaingii hivi hivi, lazima watoe kitu kidogo ndiyo wafunguliwe. Nilisikia sauti ya Bi. Chebet, yule mama aliyeongoza jopo letu la intavyu, akisema kwa adabu, "Asanteni kwa mapokezi, lakini sisi haturuhusiwi kutoa wala kupokea chochote." Mnajua akina mama walifanya nini? Waliimba kwa nguvu zaidi, wakatunga hapo hapo ubeti kuhusu wakwe wenye mkono mgumu. Mwishowe dereva wao, yule wa tatu, mzee wa watu, akatoa kitu mfukoni mwake mwenyewe na geti likafunguka kwa vigelegele. Nilikuwa nikizunguka chumbani na leso usoni, nikigonga kitanda, nikigonga kabati, Shiku anasema, "Tulia bana, utaharibu makeup."

Dirisha la chumba changu liko karibu na hema, kwa hivyo nilisikia kila neno, na ningependa kusema kwamba sikusikia.

Ankol akashika maiki. "Wageni wetu, karibuni. Tumeona gari lenu lina nembo mlangoni, tukajua hawa ni watu wa kazi. Sasa tuambieni, ni nini kimewaleta?"

"Asante, mzee," akasema Bi. Chebet. "Tumekuja kwa sababu ya binti yenu Wairimu. Tumemwona, tumeongea naye, na kusema kweli alitupendeza. Lakini kabla hatujaamua, tuliona tuje tujue anakotoka."

Vigelegele. Ankol akacheka. "Kabla hamjaamua? Hata sisi hatujaamua!" Hema zima likaanguka kicheko.

Halafu akasikika kijana aliyekuja naye na faili mkononi, Kevin, ambaye wote pale walishamtawaza kuwa bwana harusi. "Mzee, tungependa kujua, Wairimu anahusika vipi na mambo ya jamii? Uongozi, mikutano, mambo kama hayo."

Sasa mjue Ankol Njoroge si mjinga. Alisikia mkwe mtarajiwa akiuliza kuhusu mikutano, akaona huo ni mtego, kijana anaogopa kuoa mwanamke wa kuzurura. "Ondoa hofu kabisa!" akasema kwa maiki. "Huyu ni mtoto wa nyumbani. Mikutano hajui. Siasa hajui. Jua likishuka yuko jikoni na mama yake. Hata kura sina hakika kama yeye hupiga."

Mimi, katibu wa kamati ya maji, nikauma leso.

"Na hali ya familia?" Kevin akaendelea. "Kuna uwezo wa kumlipia masomo, ama mnahitaji msaada?"

"Msaada? Sisi?" Ankol aliumia, neno masomo likampita kabisa, na angekuwa mjinga kama angeonyesha unyonge siku ya kuzungumzia mahari. Akasema kaka yangu yuko Qatar anaendelea vizuri (kaka yangu alikuwa amerudi kutoka Qatar bila kitu na wakati huo alikuwa akiwasha moto wa pilau nyuma ya nyumba), akasema shamba letu linaenda mpaka kwenye ile mikaratusi. Mikaratusi ile ni ya Baba Karanja, aliyekuwa ameketi hapo hapo, na nilimsikia akikohoa, lakini alikuwa ameonywa asiharibu mambo, akanyamaza.

"Swali la mwisho," akasema Bi. Chebet, na sauti yake ilikuwa imeanza kupoa. "Akimaliza masomo, mko tayari atumwe mahali popote?"

"Hapo tuelewane, mama. Mbali, hapana. Mama yake ni mjane. Awe mahali tunaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo."

Nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi. Nikamwambia Anti, nikilia sasa, "Wananiandika vibaya!" Naye akafungua mlango, kwa sababu zamu yetu ilikuwa imefika.

Tulitolewa tukiwa tumefunikwa, tumeshikana mikono, hatuoni kitu. Ankol akamwita Kevin aje amchague wake. Nilimsikia Kevin akimnong'oneza Bi. Chebet, "Madam, hii ni sehemu ya utaratibu?" na Bi. Chebet akamjibu, "Nenda tu, Kevin, tusiwavunjie heshima." Maskini akaja na faili yake na picha yangu ya pasipoti kama karani wa uchaguzi, akazunguka, akasitasita, akamgusa Shiku.

"Mbuzi! Mbuzi!" hema lote likapiga kelele, Shiku akafunuliwa akaanza kucheza, spika ikafunguliwa, na mimi ndipo nilipoivua ile leso mwenyewe (jambo ambalo halifanywi) nikampokonya Ankol maiki (jambo ambalo halifanywi kabisa) nikasema, "Hakuna posa! Hawa ni watu wa ufadhili wa masomo! Nimeomba kusomea kazi ya umma, wamekuja kuwauliza kama ninafaa!"

Muziki ukazimwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa katikati ya kigelegele akakimalizia polepole kwa sababu kilikuwa kimeshaanza. Mama alikuwa amesimama kando ya meza kuu na sinia la chapati. Akaliweka chini. Akakaa. Sikuweza kumtazama, nikamtazama Bi. Chebet badala yake, na hilo lilikuwa kosa pia.

"Wairimu," akaniuliza, bila hasira, "mama yako hakujua tunakuja?"

"Alijua mnakuja. Hakujua ni nyinyi."

"Kwa nini?"

Nikasema nilitaka iwe habari ya mshangao. Hakuna aliyeamini, hata mimi.

"Unajua kilichonifanya nisisitize uitwe intavyu?" akasema. "Ni insha yako ya maombi. Uliandika kwamba kazi ya umma huharibika kwa sababu watu wanaletewa mambo milangoni mwao bila kuambiwa ni nani anakuja na anataka nini. Nilipiga mstari hapo." Akafunga kalamu yake.

Hapo mama akainuka. Alinyoosha kitenge chake, akaongea na wageni bila maiki. "Huyu mzee amewaambia mambo ya kuuza bibi harusi, msimlaumu, ni mimi nilimwita. Ukweli ni kwamba huyu msichana hakai nyumbani. Mimi humgombeza. Kila Jumapili yuko kwa mambo ya maji, hata mvua ikinyesha, na wakati bomba lilipasuka yeye ndiye alizunguka nyumba kwa nyumba mpaka wazee wakaenda ofisini pamoja. Shamba si letu mpaka kwenye miti, ni kipande hiki mnachokikanyaga. Na mkimtuma mbali, nitazoea." Baba Karanja akasema, "Ni kweli, miti ni yangu," kwa furaha ya mtu aliyebanwa kwa muda mrefu.

Kevin aliandika kidogo pembeni ya karatasi, maana nafasi za majibu zilikuwa zimejaa. Wakaomba radhi kwamba hawaruhusiwi kula, wakashikana mikono na watu wote, wakaondoka. Kanisa zima lilikula pilau ya posa isiyokuwepo, kimyakimya, na Ankol Njoroge alirudia kwa kila aliyepita, "Na mimi niliongea vizuri vile!"

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa, nikiwa agroveti napima chakula cha kuku. Walinishukuru, walisema ushindani ulikuwa mkali, wakanitakia kila la heri. Nikampimia mteja kilo zake, nikamrudishia chenji, nikafunga duka mapema. Niliamua mtu wa kwanza kujua awe mama, basi nikatembea haraka kabla sijabadilisha nia.

Nilimkuta anachambua maharagwe. Nikamwambia nimekosa, na kwamba kwa umri wangu hakuna mwaka mwingine. Akaokota kijiwe kwenye maharagwe akakitupa nje. Halafu akauliza, bila kuinua macho, "Ulikuwa unaona haya na mimi?"

"Hapana, mama. Haki sikuwa naona haya na wewe."

"Ile kitu yule mama alisema uliandika. Kuhusu kuambia watu. Uliandikia wapi?"

"Hapo mezani."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapa jikoni."

Akatikisa kichwa taratibu, akasogeza sinia ili nipate mahali pa kukaa, tukachambua maharagwe yale mpaka yakaisha. Nimeapa, na nimeapa mkiwa mashahidi, sitawahi tena kuketi niandike habari za wananchi huku nimemfungia mlango yule mwananchi wa kwanza, aliyeko jikoni.